Dhahabu ya Kijito cha Keziah

Mimi ndiye ninayewafundisha watu kuosha dhahabu hapa Pargeter, mji wa makumbusho ambamo tunaigiza maisha ya zamani, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Au tuseme najisifu kidogo, maana miaka ishirini na saba si mchezo. Ukija na mwanao kati ya Juni na Septemba utanikuta kijitoni, nyuma ya banda la mhunzi, nimevaa gauni la kahawia na aproni, mikono nimeikunja hadi kwenye viwiko, nawapigia watu kelele. Naitwa Thora Penhallow. Kwa wageni mimi ni mjane wa mchimbaji na mwaka ni 1871. Mume wangu wa kweli yu hai, anauza matairi mjini, na hilo haliwahusu wageni. Kengele ya kanisa ikilia saa nne asubuhi tunaingia 1871, na hatutoki humo mpaka ilie tena saa kumi na moja jioni.

Kijito chenyewe kinaitwa Keziah. Keziah alikuwa nyumbu wa mzee Pargeter aliyeanzisha mji, si mkewe, na nasikia mkewe hakulipenda jambo hilo hata kidogo.

Mgeni akija nampa karai. Anainama kwenye hori refu la mbao ambamo maji ya kijito yanapita, anachota mchanga, anatikisa, anazungusha, anamwaga kidogo kidogo, na mwisho anabaki na mchanga mweusi na chenga mbili tatu za dhahabu. Dhahabu kweli, si shaba. Nimeona wanaume wazima wenye mvi wakiruka-ruka kwa chenga isiyozidi kipande cha kucha. Wanaitia kwenye kichupa, wanaondoka nayo, na wengine huniandikia barua baada ya miaka kumi kwamba wanayo bado.

Sasa nimwage mtama mapema ili tusizungushane. Dhahabu hiyo naiweka mimi. Kila asubuhi kabla ya kengele nachukua kiasi cha kushikika kwa vidole viwili, nanyunyiza kwenye mchanga wa horini, nakoroga. Ni dhahabu ya kununua, inakuja kwa posta kutoka mto mmoja wa kaskazini: chenga nyembamba, bapa, za manjano sana. Keziah mwenyewe, yaani kijito, alikwisha dhahabu zamani. Wale wa mwanzo walimkwangua hadi mwamba, wakaenda zao, wakatuachia majumba na makaburi. Siri hii tunaijua watu wawili, mimi na meneja. Kila meneja mpya namfungia mlango siku yake ya kwanza na kumwapisha. Sioni haya. Mtoto akitikisa karai vizuri, anastahili kukuta kitu ndani.

Ila mimi nilitaka ya kweli. Nalo nalikiri. Kila majira ya kuchipua, theluji ikianza kuyeyuka na mji haujafunguliwa, nilikuwa napanda peke yangu hadi kwenye kona ya juu ya kijito na kujioshea mwenyewe mpaka magoti yapige kelele. Miaka ishirini na saba, hata punje. Nilitaka moja tu, ya Keziah mwenyewe, ambayo haikupita kwenye mkono wangu kwanza. Sikuwahi kumwambia mtu, hata muuza matairi wangu.

Basi. Ijumaa ya pili ya Julai, saa sita mchana, gari aina ya pikapu likaingia barabara kuu ya mji wetu, kwa magurudumu yake, mbele ya wageni kama sitini. Mwisho wa magari ni getini. Nilitoka kijitoni karai mkononi kwenda kuona ni kichaa gani.

Lachlan Fairbairn alikuwa amekwisha kusimama katikati ya njia, mkono ameunyoosha. Lachlan ndiye anayeigiza Kamishna wetu wa Dhahabu. Amefundisha maigizo shuleni miaka thelathini, akastaafu, akaja kwetu na sauti yake, na tangu hapo hatujapumzika.

"Simama hapo hapo!" alinguruma. "Gari gani hili linalotembea bila farasi?"

Wageni wakacheka na kutoa simu zao. Akashuka kijana wa miaka thelathini na kitu, mpana mabegani, suruali ina matope ya kazi, si haya yetu ya kupaka.

"Mzee, samahani, nipishe. Namtafuta meneja."

"Katika kijito hiki sheria ni mimi! Leseni yako ya kuchimba iko wapi?"

"Hii hapa," kijana akasema, akampa karatasi.

Lachlan akaisoma kwa sauti ya jukwaani, kwa kuwa nyingine hana. "Kitalu cha Kijito cha Keziah, kutoka darajani hadi chemchemi, kimesajiliwa kwa jina la Brodie Alan Kowalchuk..." Sauti ikaanza kushuka. Akarudia mstari huo kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha akageuka. "Thora," akaniita, "hebu njoo uone hii."

Hapo nikajua kuna jambo. Lachlan hajawahi kutoka 1871 kabla ya kengele, hata siku ile aliyoumwa na nyigu mdomoni.

"Ah, Bi Penhallow!" kijana akasema. "Hunikumbuki? Nilikuja na shule, darasa la nne. Ulininyang'anya karai."

"Niliowanyang'anya karai ni wengi," nikamwambia. "Ondoa gari lako kwenye njia ya farasi, halafu twende ofisini."

Meneja wetu, Desmond Aucoin, alikuwa katika kiangazi chake cha pili. Alitoka kwenye makumbusho moja kubwa ya mashariki. Ni mtu mwema, mpole, mwenye kadi ya kila kitu. Ukimwambia habari za asubuhi anaweza kuiandika. Aliisoma karatasi ya Brodie, akatabasamu kwa raha zake zote, akamrudishia.

"Ndugu yangu, kuna makosa ofisi ya migodi," akasema. "Majumba ni ya serikali, hilo unalijua. Kijito kiko nje ya uzio, ni kitalu, na mji unakimiliki tangu enzi na enzi. Kinahuishwa kila mwaka, na tumekihuisha. Nilikuwepo mwenyewe."

"Lini?" akauliza Brodie.

"Jumamosi ya kwanza ya Juni. Na mwaka jana vilevile. Ushahidi huo hapo ukutani."

Sote tukatazama ukutani. Ndani ya fremu ya mbao kulikuwa na karatasi kubwa ya rangi ya maziwa, maandishi ya wino ya mapambo, utepe, na muhuri mwekundu wa nta upana wa kisosi.

"Desmond," nikasema polepole, "ile ni maigizo."

"Ipi?"

"Hiyo ya ukutani. Muhuri ni wa Lachlan. Tuliuchonga kwenye karakana ya mbao."

Niwaeleze ilivyo. Kila Jumamosi ya kwanza ya Juni tunafungua msimu kwa sherehe. Tunaandamana na tarumbeta hadi ofisi ya Kamishna, meneja amevaa kofia ndefu nyeusi, Lachlan anatoa hotuba, anagonga muhuri, wageni wanapiga makofi, mwaka mwingine umeanza. Meneja aliyemtangulia Desmond, Bi Ottoline Grieve, alikuwa akitoka hapo anavua boneti, anapanda ofisini, anawasha kompyuta na kukihuisha kitalu kwelikweli kwa wakubwa wa mkoa. Dakika tano tu. Hakumwonyesha mtu. Alipostaafu aliacha daftari la maelekezo, na humo kaandika: huisha kitalu, Jumamosi ya kwanza ya Juni, ofisi ya Kamishna. Desmond akasoma. Akavaa kofia. Akaenda ofisi ya Kamishna. Kitalu kikahuishwa mbele ya macho yake kwa nta na tarumbeta, naye akaweka alama ya vema kwenye kadi.

Nilitaka kumnyonga. Ila niseme ukweli, ni kosa ambalo hata mimi ningeweza kulifanya. Ukikaa mjini kwetu vya kutosha unaanza kuheshimu mihuri yetu.

"Lakini niligonga kwa nguvu," Lachlan, aliyekuwa ametufuata ofisini, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Brodie alituonea huruma, naona, maana alieleza taratibu kama anayezungumza na wagonjwa. Kitalu kilikufa mwaka jana. Kikakaa bila mwenyewe majira yote ya baridi. Mwezi wa nne yeye akakiona kwenye ramani ya migodi, kitupu. Mwezi wa tano akapita hapa mji haujafunguliwa, akachota ndoo mbili za changarawe akaenda kuziosha kwake, na alichokiona kikamfanya akisajili siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sherehe ya mwaka huu, pamoja na tarumbeta, tuliifanya kwenye mali ya Brodie.

"Mimi si mtu mbaya," akasema. "Nyumba hata moja sitaigusa. Katapila langu linafika Jumatatu. Nitaanzia hapo kwenye banda la mhunzi, nishuke hadi darajani. Kama kuzuri nitapanda juu."

"Tuna mwanasheria," Desmond akasema, jasho linamtiririka.

"Mwite tu. Hao ni watu wa miezi. Mimi ni wa Jumatatu."

Niliogopa, nasema wazi. Najua katapila linafanya nini kwenye kijito. Wiki mbili, na Keziah anakuwa mtaro wa tope kutoka daraja hadi chemchemi, na hautapona katika maisha yangu. Mfereji wa gurudumu la maji ungekauka. Hori langu lingekuwa kuni. Na ni nani angemleta mwanawe kujifunza kuosha dhahabu pembeni ya mashine inayonguruma? Wangeniweka dukani niuze pipi za 1871. Niliangalia mikono yangu na kujiambia, Thora, tulia, huyu ni mtoto wa darasa la nne tu.

"Brodie," nikamuuliza, "hizo ndoo mbili ulizichota wapi hasa?"

"Chini ya hori lako. Pale maji yanapomwagikia."

Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka chenyewe. Desmond akaelewa sekunde moja baada yangu, akabadilika rangi, na chini ya meza nikapata teke.

"Usinipige teke, bosi, mguu huo mbaya."

"Thora, hapana. Tuliapa."

"Tuliapa kwa ajili ya kijito. Kijito kikienda, tutamtunzia siri nani? Katapila?" Nikamgeukia Brodie. "Mwanangu, dhahabu uliyoiona ni yangu. Naiweka horini kila asubuhi ili wageni wapate cha kuokota. Inayowaponyoka inamwagika na maji. Miaka ishirini na saba inamwagikia pale pale ulipochota."

Brodie naye akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Bi Penhallow, kwa kweli ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo."

"Kaskazini wanaichimba, posta inaileta. Muulize huyu."

"Huyu ni meneja wako! Atasema nini?"

Hapo nikasikia kiti kikilia. Lachlan alikuwa ameketi, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akitazama mikono yake.

"Na kichupa changu?" akauliza. "Kile nilichoosha mwaka niliostaafu?"

"Na chako, Lachlan."

"Nilimpa binti yangu siku ya harusi."

"Ni dhahabu halisi, mpenzi."

"Halisi ya wapi?"

"Ya kaskazini."

Alifikiri sana. "Basi usimwambie," akasema.

Nafikiri sura ya Lachlan ndiyo iliyomtikisa Brodie. Mtu anaweza kudanganya kwa maneno, lakini mzee yule alikuwa amevunjika kweli, na maigizo yake sisi wote tunayafahamu, si ya ukimya. Nikaona upenyo, nikaingia.

"Njoo kengele ikilia," nikamwambia Brodie. "Njoo na ndoo zako, koleo lako, mtaimbo wako. Utachota unapotaka wewe, si ninapotaka mimi. Ukikuta dhahabu upande wa juu wa hori langu, ambako maji hayajafika kwenye mkono wangu, Jumatatu nitakuongozea katapila mwenyewe. Usipokuta, unaturudishia kitalu."

"Na nyinyi mnanipa nini?"

"Sitamwambia mtu mjini kwamba Kowalchuk alitaka kuchimba kifurushi cha posta."

Akauma mdomo asicheke. Akakubali.

Saa kumi na moja kengele ikalia, wageni wakaenda kwenye magari yao, na Pargeter ikarudi kuwa sisi. Julai kwetu jua halina haraka ya kwenda popote. Mwanga ulikuwa mwingi na maji yalikuwa yale yale ya theluji, ya kukata vidole. Desmond na Lachlan walikaa ukingoni kama watu walioletwa kituo cha polisi.

Ndoo ya kwanza Brodie aliichota chini ya hori. Akaosha mwenyewe, na niseme, mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa darasa la nne. Tukahesabu chenga arobaini na moja juu ya leso yangu nyeupe. Ya pili hatua ishirini chini: saba. Ya tatu karibu na daraja: moja, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikaziacha kwenye leso, mafungu matatu kwa mstari. Mchimbaji hahitaji kuhubiriwa. Dhahabu ya kijito inatoka juu, inashuka, inajificha penye kona na nyuma ya mawe. Haianzi ghafla chini ya mbao za hori na kupungua kila hatua kama makombo chini ya meza.

Brodie alizigeuza kwa ncha ya kisu. "Zote bapa," akasema.

"Safari ndefu kaskazini huko. Zinagongwa mno na mto."

"Twende juu," akasema, sasa kwa sauti nyingine.

Alichagua kona ya juu, kona yangu, na nikampa heshima kimoyomoyo kwa sababu mtu anayejua angechagua pale. Ndoo ya kwanza, mchanga mweusi na hakuna kitu. Ya pili, mchanga mweusi na risasi ya bunduki ya zamani. Akasimama, akatazama mwamba, akalitia mtaimbo jiwe moja kubwa ambalo mikono yangu peke yake isingelitikisa kamwe, akalisukuma mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Likabingirika. Chini yake palikuwa na ufa kwenye mwamba, umejaa udongo mgumu wa bluu. Akalala kifudifudi ndani ya maji na kuukwangua kwa kijiko muda wa nusu saa, hakusimama hata mara moja. Nikampenda kwa hilo. Ningemchukua kazini kesho yake.

Alipoinuka midomo ilikuwa ya zambarau. Akajaribu kushika karai, likamponyoka.

"Malizia wewe, Bi Penhallow. Vidole sivisikii tena."

Akakaa juu ya jiwe upande wa pili, akitia mikono kwapani. Mimi nikachuchumaa, nikatia karai majini.

Nilivunja udongo kwa vidole. Nikatupa mawe makubwa. Nikatikisa, nikazungusha, nikaachia maji yachukue mchanga mwepesi, tena, na tena, kama nilivyofanya kila siku ya maisha yangu ya utu uzima. Kabla sijaona nilisikia. Kitu kilikuwa kinaburuzika chini ya karai, kizito, kinachelewa kugeuka. Mchanga mweusi ukafunguka, nacho kikajitokeza.

Kilikuwa na ukubwa wa punje ya choroko. Si cha manjano yale ya posta. Kilikuwa chekundu-chekundu, kimefura, kina kijipande cheupe cha jiwe kimeng'ang'ania ubavuni. Kwenye kabati la kioo la benki yetu kuna punje tatu za mwaka 1869 za rangi hiyo hiyo, na huwa nazitazama kila ninapopita. Hii ilikuwa ya nne. Keziah alikuwa amenipa hatimaye.

Brodie alikuwa anapulizia vidole vyake. Karai lilikuwa limeinamia kwangu, na kivuli changu kilikuwa juu yake.

Nilijua yote kwa mara moja. Kwa mchimbaji, punje moja kwenye ufa wa mwamba juu ya kijito si punje moja. Ni kila ufa kutoka hapo hadi chemchemi. Akiiona, Jumatatu katapila linapanda hadi juu, na nimeahidi kuliongoza mwenyewe. Na nilijua pia kwamba ni haki yake. Ni kitalu chake, jiwe kalisukuma yeye, kalala yeye kwenye maji ya theluji. Sheria na jasho vyote vilikuwa upande wake.

Kuna kosa ambalo kila mwanafunzi hulifanya siku ya kwanza. Analaza ukingo wa karai chini mno na mapema mno, wimbi linaingia, linatoka na kila kitu. Nimewapigia kelele watoto elfu ishirini kwa kosa hilo. Nililaza ukingo. Nikaliingiza wimbi. Punje ikatangulia mbele ya mchanga, ikang'aa mara moja kwenye jua, ikaangukia pale maji yanapoenda kasi. Haikutoa hata sauti.

Nikasubiri kidogo, nikazungusha maji mara mbili zaidi kwa mkono uliotulia, kisha nikainuka na kumpelekea karai. Akalitazama kwa makini, akalisukasuka, akapuliza mchanga mweusi.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna."

Nilidhani atakasirika, lakini alianza kutikisika mabega, na kumbe anacheka. "Dhahabu ya posta," akasema. "Mungu wangu. Mke wangu asisikie."

"Hatasikia."

"Na mimi sitasema habari za hori. Wangu wenyewe wawili wanakuja huku na shule mwakani."

"Walete. Nitawanyang'anya makarai."

Tulishuka pamoja hadi ofisini, penye mtandao. Desmond alikaa kwenye kompyuta, Brodie akamwonyesha pa kubonyeza, na kwa dakika tano kitalu cha Keziah kikarudi kuwa cha mji, bila nta, bila tarumbeta. Lachlan alisimama nyuma yao akitazama skrini. Alipoombwa atoe maneno mawili alisema hana. Desmond akaandika kadi mpya na kuigonga kwa pini juu ya meza yake, na nikamwambia aiandike na mkononi pia.

Nilimwibia kijana yule. Sitafuti neno zuri zaidi. Nililala vizuri, na kesho ikirudi ile saa nitafanya vile vile, kwa mkono ule ule. Kijito kipo, kinatiririka, na hori langu limejaa watoto. Lakini mtu asinidanganye kwamba haikuniuma, kwa sababu iliniuma hapa, chini ya mbavu, na inauma ninapoandika.

Nilimsindikiza Brodie kurudi kona ya juu kuchukua ndoo zake. Alizipanga moja ndani ya nyingine, akatupia mtaimbo begani, kisha akasimama akiyatazama maji pale pale yanapoenda kasi. Nikajikaza.

"Bi Penhallow," akasema, "miaka yote hii unawawekea watu. Wewe mwenyewe hujawahi kuokota? Ya hapa hapa?"

"Bado," nikasema.

"Utapata tu," akasema kwa upole, akanigusa bega.

Nikampa na karai langu anibebee, maana sikutaka kulishika tena siku ile, naye akadhani ni baridi.